Kiyoyozi cha Ghorofa ya Nne

Upplands Väsby, 24 Agosti 2025

Dada Paskalia, shikamoo.

Nimemkosea mtu. Nalitanguliza hilo kabla ya salamu kwa sababu najijua. Nikianza na salamu nitajaza karatasi kwa habari za mvua na jua, halafu nitafunga bahasha bila kulisema.

Sasa salamu. Mgongo wako unaendeleaje? Mjukuu wako Dativa bado anakuchotea maji au ameshaanza kusema ana masomo? Mimi mwili mzima. Kazi ni ileile ya kusafisha ndege pale uwanjani Arlanda. Saa kumi alfajiri tumo ndani tunaokota vikombe na soksi za watu. Juzi nimeokota meno ya bandia kwenye mfuko wa kiti. Tukacheka, halafu msimamizi akatuambia tuyaandikie ripoti, basi kicheko kikaisha.

Utauliza kwa nini sipigi simu kama watu wengine. Nikipiga, Dativa anaweka spika, jirani anaingia kunisalimia, mwisho naongea na nusu ya kijiji cha Kamachumu. Hili silitaki kwenye spika. Wewe ndiye uliyenishika mkono nikaandika herufi ya kwanza, acha nikuandikie.

Mtu mwenyewe ni mtu aliyenitendea mema. Jambo lenyewe ni kelele za kiyoyozi. Najua umecheka: kiyoyozi Sweden, kwenye barafu? Dada, mwezi wa saba jua hapa halizami likazama. Nyumba zetu zimejengwa kuficha joto ndani, kwa ajili ya baridi. Zikishikwa na jua wiki mbili mfululizo, ghorofa za juu ni tanuri la matofali.

Leo naishia hapo. Nilifikiri nitaweza kuandika yote, kumbe bado.

Msalimie Dativa.

Mdogo wako, Ludovick

---

Kamachumu, 3 Oktoba 2025

Mdogo wangu Ludovick,

Marahaba. Barua yako imelala parokiani siku kumi na moja kwa sababu katibu alikuwa kwenye msiba. Mgongo uko palepale, tumeshazoeana. Mvua zimeanza. Migomba ya upande wa chini imeshikwa na mnyauko, tumeing'oa kumi na minne na kuifukia. Dativa maji anachota, lakini anachota huku ananung'unika kama redio yenye betri kwisha.

Nimesoma barua yako mara mbili. Nilipokuwa nafundisha, nilikuwa na mtoto mmoja anaitwa Bethuel. Kila akivunja kitu alikuja mezani kwangu na kusema, "Mwalimu, kuna kitu kimevunjika." Siyo "nimevunja." Wewe umesema umemkosea mtu, umenyoosha kidole hewani, basi. Mtu gani? Ni mama wa watoto wako? Kama ni yeye, hilo nalijua tangu zamani, huna haja ya stempu.

Kama siyo yeye, andika jina. Andika ulichofanya kwa mkono gani na siku gani. Nilikufundisha insha wewe: nani, wapi, lini.

Halafu usinisingizie habari za herufi ya kwanza. Barua nilizokuandikia miaka ile zilikuwa maneno ya Baba, mimi nilikuwa kalamu tu. Hayo tuyaache.

Msimu wa senene ukifika nitamtafuta msafiri.

Dada yako, Paskalia

---

Upplands Väsby, 9 Novemba 2025

Dada, shikamoo.

Nimeshukuru kwa barua. Pole kwa migomba. Huku saa tisa alasiri ni giza tayari, majani yote yameanguka, wafagiaji wanayapuliza na mashine mchana kutwa. Najua kukuandikia habari za majani ni kuchelewesha.

Jina lake ni Ssali. Ni Mganda, ana miaka sabini. Alikimbia kwao enzi za Amin akiwa kijana, akakaa Dar miaka miwili, ndiko alikojifunza Kiswahili, halafu akaja huku. Nilipofika mwaka 2004 bila mwenyeji, alinikuta stesheni nimekaa juu ya sanduku. Alinisikia nikijisemea Kiswahili peke yangu. Akanichukua. Nililala kwenye sofa yake miezi saba. Mkewe, Mama Nakato, alinipikia kama mwanaye. Hata nyumba ninayokaa sasa yeye ndiye aliyesikia kwamba inauzwa: mimi ghorofa ya tatu, wao ya nne, juu yangu kabisa.

Sasa Mzee Ssali ana utani mmoja. Kila penye watu lazima autoe: "Huyu alilala kwangu miezi saba anakoroma kama mashine ya kusaga. Mke wangu akasema, tumwamshe? Nikasema muache, mashine imetoka mbali." Tangu hapo jina langu kwake ni Mashine. "Mashine, njoo ule." "Mashine, umepata kazi?" Miaka ishirini na moja. Mwezi wa tano, kwenye sherehe ya kuhitimu binti mmoja kule Akalla, aliutoa tena mbele ya ukumbi mzima. Watu wakacheka mpaka wakapiga meza. Na mimi nikacheka. Moyoni nikasema, mimi mtu mzima wa miaka hamsini na tatu, bado naitwa mtu wa sofa.

Mama Nakato alipata kiharusi mwaka juzi, upande mmoja haufanyi kazi. Asubuhi watu wa manispaa wanakuja kumsafisha. Jioni alikuwa anapanda Urbain, Mrundi wa mlango unaotazamana na wangu, anafanya kazi ya kuhudumia wagonjwa. Anamnyanyua, anamgeuza, anashuka. Hakuna aliyemtuma.

Joto la mwezi wa saba lilipoanza, chumba cha mama hakikukalika. Binti yao Kirabo, anayeishi Göteborg, akatuma fundi akafunga kiyoyozi. Boksi la nje likakaa kwenye baraza yao, yaani juu ya dirisha langu la kulalia. Dada, mimi naamka saa nane na nusu usiku kwenda kazini, kwa hiyo nalala saa mbili, jua bado linawaka. Lile boksi lilikuwa linanguruma, linanyamaza, linanguruma. Siku tisa sikulala vizuri.

Nyumba zetu zina kanuni. Zimebandikwa chini mlangoni: kuanzia saa nne usiku mpaka saa moja asubuhi hakuna mashine ya kusumbua majirani, na kitu chochote cha kufungwa nje ya nyumba kinaombewa ruhusa kwa bodi ya wakazi. Hawakuomba. Joto liliwakuta ghafla, nani angeomba?

Ningepanda ngazi kumi na sita. Ningepiga hodi. Angeniambia, "Mashine kwa mashine, sasa unajua nilivyoteseka," tungecheka, tungelisogeza boksi au ningehamishia godoro sebuleni. Sikupanda. Nilitoa simu, nikarekodi ule mngurumo dirishani, nikaijazia bodi fomu ya malalamiko. Penye swali kwamba kelele zilianza lini nikaandika "tangu mwezi Mei". Mashine ilikuwa na siku tisa.

Hapo bado, Dada. Hilo ni la kwanza.

Baada ya siku sita mzee akashuka na barua mkononi. Kiswidi anakiongea kuliko mimi, lakini macho yamekwisha, yana presha, maandishi hayaoni tena. Barua zake zote za ofisi nazisoma mimi, kwa sababu hataki binti yake ajue lipi limechelewa na lipi limekataliwa. Akakaa kwenye kiti changu cha jikoni.

"Ssebo, bwana, nisomee. Bahasha ina nembo ya bodi, sijaipenda."

Nikamsomea. Kwamba kuna malalamiko. Kwamba kiyoyozi kimefungwa bila ruhusa, kizimwe. Chini ya hapo palikuwa na mistari miwili. Wa kwanza unasema kama kuna sababu ya ugonjwa, alete cheti cha daktari ndani ya wiki tatu, na mashine itaruhusiwa kuendelea mpaka bodi iamue. Wa pili unasema mkazi ana haki ya kuomba kuyaona malalamiko yenyewe. Yenyewe, na jina langu chini yake.

Macho yangu yaliufikia ule wa pili kwanza. Nikaogopa. Nikakunja karatasi.

"Ndiyo hivyo tu?" akauliza.

"Ndiyo hivyo tu, mzee. Uizime."

 Kisha akasema, "Ni Urbain. Juzi aliniuliza pale kwenye ngazi, 'Mzee, quand même, jamani, hii kitu hailalagi?' Nikadhani anatania."

Nikamwacha aamini. Nilikuwa nachemsha maji, nikageukia birika.

Akasema, "Karatasi baki nayo, mimi nitaipeleka wapi." Akapanda kuzima mashine.

Siku hiyohiyo jioni Urbain alibisha kwa mzee, hakufunguliwa. Kesho yake hivyohivyo. Mtu akifungiwa mlango mara mbili bila sababu, ya tatu haendi. Mzee akabaki peke yake na mgonjwa, hawezi kumnyanyua, hawezi kumgeuza, chumbani joto. Siku ya tano gari la wagonjwa lilikuja. Niliwasikia wakishusha machela, nikabaki nyuma ya mlango wangu. Kutoka hospitali Mama Nakato hakurudi nyumbani. Yuko nyumba ya wazee kule Märsta. Nimeambiwa siku hizi Kiswidi kimempotea kabisa kichwani, anaongea Kiganda tu, na pale hakuna anayemjibu. Mzee anapanda treni kila siku anaenda kumjibu.

Sasa umejua nani, wapi, lini. Niambie nifanye nini.

Ludovick

---

Kamachumu, 25 Januari 2026

Ludovick,

Marahaba. Barua yako niliipata tarehe tano Desemba. Haikuchelewa na katibu, haikuchelewa na mvua. Ilikaa kwenye meza yangu chini ya Biblia wiki saba. Senene walikuja wengi, watoto waliokota mpaka kwenye mapaa ya bati. Nilikaanga, nikafunga, nikampata msafiri, halafu nikamwacha aende bila mzigo wako kwa sababu nilikuwa sijui niandike nini juu yake. Tumewala.

Mwanzo nilikasirika na wewe. Mtu asiyeona anakukabidhi macho yake, unaruka mstari! Niliandika barua kali, kurasa tatu. Nikaichana. Nilipofika pale uliposema "nikakunja karatasi", mkono wangu uliujua huo mkunjo.

Nilikuambia barua za Baba nilikuwa kalamu tu. Nilikudanganya.

Baba hakujua kusoma, unajua. Alikuwa anakaa kwenye kile kigoda cha mlangoni ananitajia, mimi naandika. Tangu mwaka 2010 alianza kuumwa kifua, na kila barua aliimalizia na neno moja: "Mwambie aje nimwone. Hata wiki moja." Alilitaja kwenye barua tatu. Mara zote tatu nilishika kalamu nikaisogeza juu ya karatasi bila kuandika. Yeye alikuwa anaangalia mkono wangu. Aliona unakwenda, akaridhika.

Makaratasi yako yalikuwa hayajatoka. Ungekuja usingeweza kurudi huko. Nilijiambia namkinga mdogo wangu. Labda nilikuwa nakinga karo ya wanangu, maana ulikuwa unailipa wewe. Sijui. Nilishajieleza sana mpaka sijui tena lipi lilitangulia.

Mwezi wake wa mwisho aliniuliza, "Alijibu nini?" Nikamwambia umesema una kazi nyingi.

Sikuombi kitu. Na usinipigie simu kwa hili, sitapokea.

Umeniuliza ufanye nini. Mimi siyo wa kuulizwa. Ila nikuambie kilichonishinda mimi: nilisubiri siku nzuri ya kusema, na Baba hakuwa na siku nzuri za kutosha. Mzee wako yupo. Mkewe yupo. Ile karatasi bado unayo?

Paskalia

---

Upplands Väsby, 17 Aprili 2026

Dada, shikamoo.

Barua yako ilifika mwisho wa Februari. Leo ni katikati ya Aprili, kwa hiyo umeshajua kwamba na mimi nina meza na ninajua kulaza barua.

Kuhusu Baba sijui niseme nini. Nimezitoa zile barua tatu. Ninazo, zimo kwenye bati la biskuti pamoja na pasipoti ya zamani. Nimeangalia mwisho wa kila moja. Unaishia "tunakusalimu sote", halafu kuna nafasi tupu, halafu jina lake na alama ya dole gumba. Ile nafasi tupu nilikuwa naiona miaka yote. Nilidhani Baba amekosa la kuniambia. Nilidhani amenikatia tamaa kwa kuondoka. Miaka kumi na minne, Dada. Sijakasirika kama unavyofikiri, wala sijasamehe kama ungependa. Nipe muda. Nikija tutakwenda kaburini pamoja, wewe utamwambia, mimi nitasimama pembeni.

Karatasi ya mzee ninayo. Imo kwenye bati hilohilo, niliitupia humo mwezi wa saba bila kuwaza. Ndipo nilipozikuta zimelala pamoja.

Wiki iliyopita nilimkuta Mzee Ssali kwenye jukwaa la treni, anakwenda Märsta. Amekonda, koti linamvaa yeye. Alinitambua kwa sauti.

"Mashine! Umepotea wapi? Siku hizi hata kukoroma sikusikii."

Nikamwambia nafanya zamu nyingi. Tukapanda pamoja, mimi nikienda kazini, zamu ya mchana. Akaniambia madaktari wamesema Nakato anaweza kurudi nyumbani, ila kwa masharti mawili. Chumba kiwe na ubaridi kabla ya kiangazi, na awepo mtu wa uhakika jioni wa kumnyanyua. Akacheka kidogo. "Mashine walinizimia, mtu alinisaliti. Kwa hiyo atabaki kulekule. Jana alinishika shati akaniuliza, 'Twende lini?' Nikamwambia kesho. Namwambia kesho kila siku."

Kituo changu kilifika. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Mlango wa treni ukafunguka, nikashuka. Hata hapo, Dada. Hata hapo nilishuka.

Lakini niliposhuka nilikwenda kwa mwenyekiti wa bodi baada ya kazi. Nikamuuliza ule mwanya wa cheti cha daktari kama umeshafungwa. Akasema maombi ya ruhusa kwa ajili ya kiangazi hiki yanapokelewa mpaka tarehe 30 Aprili. Boksi linaweza kuwekewa mpira chini na kuhamishiwa upande wa ukuta usio na dirisha, na kwa mgonjwa kanuni ina nafasi. Akaongeza, "Mbona hamkuleta cheti mwaka jana? Tuliandika." Nikamwambia ndiyo, mliandika. Nikamwambia pia tarehe niliyojaza kwenye fomu ilikuwa ya uongo, afute.  Fomu ya maombi nimeichukua. Ina sehemu ya sahihi ya mwombaji, na sehemu ya sahihi za majirani wa karibu kwamba hawana pingamizi. Majirani wa karibu ni wawili, mimi na Urbain.

Jumamosi ijayo ni siku ya usafi. Huku kila masika wakazi wote wanashuka uani na reki, wanakusanya majani yaliyooza na changarawe zilizomwagwa wakati wa barafu, halafu kuna kahawa na mikate ya mdalasini. Mzee hakosi, anakaa kwenye benchi anatoa amri. Urbain naye atakuwepo, nimemuuliza leo kwenye ngazi. Amenijibu, "Nitakuja, ila nitafagia upande ule ambao huyo mzee hayupo." Nikamwambia, "Urbain, kabla ya kushika fagio, panda nami ghorofa ya nne. Kuna barua nataka uisikie." Akaniuliza, "Barua ya nani?" Nikamwambia, "Yangu." Akaingia kwake. Sijui ameelewa nini.

Nilifikiria kulisema uani mbele ya watu wote, kama yeye alivyokuwa akinitania mbele ya watu. Nikaona huko nitakuwa natafuta watu wa kunihurumia. Nitalisema mezani kwake.

Barua hii naitia posta leo kwa makusudi. Itakapokufikia siku hiyo itakuwa imeshapita. Nikishindwa, nitakuwa nimekudanganya kwa maandishi, na wewe una dawa yako: nyuma ya karatasi hii nimeandika namba ya simu ya Mzee Ssali. Siku utakayoipata, mpigie. Anaongea Kiswahili kizuri, atafurahi kusikia sauti kutoka upande wa Bukoba. Usimwambie lolote. Muulize tu, "Ludovick alikusomea ile barua yote?" Halafu msikilize.

Jumamosi tarehe 25 Aprili, saa nne asubuhi, nitapanda ngazi kumi na sita pamoja na Urbain. Nitapiga hodi. Nitaikunjua ile karatasi nimsomee kuanzia nembo mpaka sahihi, na ile mistari miwili nitaisoma mara mbili, halafu nitamtajia jina lililoko kwenye malalamiko. Atakalonifanyia baada ya hapo ni lake. Fomu nitaiacha juu ya meza ikiwa imeshatiwa sahihi yangu, ingoje yake, ya Urbain na cheti cha daktari, na Jumatatu tarehe 27 nimeomba ruhusa kazini niifuate mlangoni kwake na kuipeleka kwa bodi mwenyewe, kwa mkono wangu, hata kama atakuwa amenifukuza.

Mdogo wako,
Ludovick